Hamira Moja, Majina Manne

Mazungumzo ya Karani



Asubuhi moja, hata madirisha ya ofisi sijayafungua, nilimkuta bibi mmoja wa kijiji chetu ameketi barazani ananingoja. Mapajani alikuwa ameshika chupa ya chai, zile za kutunza joto. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya chini isiyokuwa yake, maana bibi huyu tunamjua kwa sauti. Nilipokwisha fungua mlango akaingia, akaweka chupa mezani, akasema, "Karani, niandikie barua."

Watu wengi hudhani kazi ya karani wa parokia ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa tu. La, nusu ya kazi ni kuwaandikia watu barua. Basi nikachukua karatasi, nikauliza barua ni ya nani, na habari gani.

Habari ilikuwa hii. Mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, amelazwa katika hospitali kubwa ya mjini kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Ameanza kupewa dawa kali, nywele zimemtoka, na chakula hakipiti. Bibi aliposikia hivyo alipika togwa, akapanda basi la alfajiri, akabadili basi njiani, akafika mchana na chupa yake. Mlangoni pa wodi muuguzi aliifungua chupa, akanusa, akasema mbele ya watu, "Uchafu huu hauingii humu." Bibi akarudi nayo nyumbani. Ndiyo hiyo chupa iliyokuwa mezani pangu.

"Watoto saba nimewalea kwa togwa," akaniambia, "na wote wako hai. Leo naambiwa nawalisha watu uchafu. Waandikie wakuu wa pale, wamfukuze."

Nakiri kwamba kalamu yangu ilikuwa tayari, na maneno makali nilikuwa nayo. Lakini katika chuo cha ualimu tulifundishwa jambo moja ambalo sijalisahau: usisahihishe daftari la mtoto kabla hujalisoma mpaka mwisho. Nikamwomba bibi anipe siku mpaka Jumamosi. Akakubali kwa shingo upande.

Ikawa bahati kwamba kijana mmoja wa kwetu, aliye daktari, alikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimwendea nikamweleza yote. Alinijibu kwa swali: "Karani, wajua ni nani wanaoishi ndani ya togwa?" Nikasema sijui. Akanifundisha jioni ile yote, akanipa na maandiko ya kusoma. Haya niliyoyapata nimeona si vizuri kuyaficha peke yangu, maana nyumba nyingi zetu zina togwa, na si chache zenye mgonjwa.

TOGWA NI NINI HASA

Akina mama wajua kuitengeneza kuliko mimi. Uji wa unga wa mahindi au wa mtama hupikwa, ukaachwa upoe hata kidole kisiungue, kisha hutiwa kimea cha ulezi au cha mtama, pamoja na kiasi cha togwa ya jana kama ipo. Hufunikwa, na kesho yake uji uliokuwa mzito umekuwa mwepesi, una utamu na ukali pamoja.

Nani aliyefanya kazi hiyo usiku? Kwanza ni kimea. Mbegu inapoota hufanya ndani yake kitu cha kuvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari, ndiyo maana uji huwa mwepesi na mtamu. Kisha huja vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, navyo hula ile sukari na kutoa ukali, ukali ule ule wa maziwa ya mgando. Pamoja na hivyo huja hamira, ambayo ni aina ya kuvu. Kila punje ya hamira ni kiumbe kamili chenye uhai, kinakula, kinakua, na kuzaa kwa kuchipua kama mgomba.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Norwei, walitangaza uchunguzi wao juu ya togwa. Waliitazama togwa ya mahindi, ya mtama, na ya ulezi, wakaandika majina ya viumbe waliowakuta ndani. Katika hamira walikuta Saccharomyces cerevisiae, ambayo ni hamira ya mkate iuzwayo madukani. Walikuta pia hamira nyingine iitwayo Issatchenkia orientalis. Jina hili la pili naomba msomaji aliweke akilini, maana tutalirudia.

Tena, uchunguzi mwingine uliofanywa hapa Tanzania na kutangazwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra kuliko wenzao wasioulishwa. Sababu yake yaeleweka. Ukali wa uji huzuia vijidudu vya maradhi visistawi, na pale ambapo maji si safi na kuni ni chache, uji mkali ni kinga ya nyumba. Kwa hiyo bibi yetu aliposema amelea watoto saba kwa togwa, hakujisifu bure. Alisema neno ambalo wataalamu wamelipima wakaliona kweli.

Daktari aliponieleza hayo nilifurahi, nikadhani barua yangu sasa imepata nguvu. Akacheka, akaniambia, "Subiri. Hapo umesoma nusu ya daftari."

JINA LA PILI

Mwaka 1910 tabibu Mwitaliano, Aldo Castellani, alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Huyu si mgeni kabisa katika nchi zetu, maana mwaka 1902 alikuwa Entebbe, Uganda, katika jopo lililotumwa kuchunguza ugonjwa wa malale. Huko Ceylon aliandika habari za hamira aliyoipa jina la krusei. Baadaye, mwaka 1923, iliingizwa katika ukoo wa Candida, na tangu hapo waganga wameijua kwa jina la Candida krusei.

Candida ni jina la hofu hospitalini. Wengi wetu tumeona utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Ule kwa kawaida ni kazi ya Candida albicans, nao huponyeka. Lakini hamira hizi zikipata njia ya kuingia katika damu ya mtu dhaifu, zaweza kumwua. Katika kila wagonjwa mia wanaoshikwa na hamira za jamii hiyo, kama wawili hivi hushikwa na Candida krusei. Waweza kusema wawili ni wachache. Naam, ni wachache, ila ugumu wao uko kwenye dawa.

Dawa itumikayo sana kwa maradhi ya kuvu ni flukonazoli. Ni ya kumeza, na imeokoa watu wengi. Candida krusei haiijali. Tangu kuzaliwa kwake ina ugumu dhidi ya dawa hii. Mwaka 1991 waganga wa hospitali ya Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani, waliandika jambo walilolishuhudia. Wagonjwa wao wa saratani ya damu na wale waliopandikizwa uboho walikuwa wakipewa flukonazoli mapema ili wasishikwe na kuvu. Kuvu za kawaida zikapungua kweli, lakini Candida krusei ikaongezeka. Mkulima ataelewa upesi. Ukipalilia shamba ukang'oa magugu laini tu, lile gugu lenye mizizi migumu hupata nafasi, likatanda.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu zinazopasa kuangaliwa kwa makini kwa ajili ya afya ya watu. Ni aina 19, zimegawanywa katika makundi matatu kwa ukubwa wa hatari. Hamira yetu hii imo, katika kundi la tatu.

Hapo nikamwuliza daktari, "Sasa hiyo Candida krusei ina uhusiano gani na chupa ya bibi?"

MTU MWENYE MAJINA MANNE

Kabla ya kujibu, nitaeleza jambo lililonipata ofisini, maana ndilo lililonisaidia kuelewa.

Miaka michache iliyopita mjane mmoja alikuja kutafuta cheti cha ndoa yake. Nilitafuta jina la marehemu mumewe katika kitabu cha ndoa, halikuwamo. Katika kitabu cha ubatizo, halikuwamo. Shuleni aliandikwa kwa jina jingine, na katika shamba la mkonge alikofanya kazi ujanani alilipwa mshahara kwa jina jingine tena. Kila aliyemwandika alimwandika kwa jinsi alivyomjua: padre kwa jina la mtakatifu, mwalimu kwa jina la babu, nyapara kwa jina la utani. Nilidhani natafuta watu wanne. Nilipoviweka vitabu vyote mezani, nikalinganisha mwaka wa kuzaliwa, kijiji, jina la mama na jina la msimamizi wa ubatizo, nikaona ni mtu mmoja. Yule mama akalia palepale, maana kwa miezi mingi alikuwa akiambiwa kwamba mume wake hakuwako.

Hamira yetu ilipatwa na jambo hilo hilo. Waganga waliiita Candida krusei. Mwaka 1960 mtaalamu wa hamira wa Kirusi, Kudryavtsev, aliandika habari za hamira aliyoiita Issatchenkia orientalis, na mwaka 1965 wengine wakaiandika kwa jina la Pichia kudriavzevii, kwa heshima yake. Huko China, hamira iliyotumiwa viwandani kutengeneza gliserini iliitwa Candida glycerinogenes. Majina manne, katika vitabu vinne, kwa watu wa kazi nne. Mganga hakusoma kitabu cha mpika pombe, wala mwenye kiwanda hakusoma kitabu cha mganga.

Tangu mwaka 1980 wako wataalamu waliosema kwa vipimo vya siku zile kwamba Candida krusei na Issatchenkia orientalis ni kitu kimoja. Hata hivyo majina yaliendelea kutumika mbalimbali, na pamoja na majina, dhana: hili la hospitali ni ovu, hili la chakula ni jema.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dublin, nchini Ireland, waliviweka vitabu vyote mezani. Tena hawakutazama umbo wala tabia, bali walisoma maandiko yenyewe ya urithi. Kila kiumbe chenye uhai hubeba ndani yake maandiko yaitwayo DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Maandiko yote ya kiumbe kimoja, tangu mwanzo hata mwisho, huitwa jenomu. Jenomu ya hamira hii ina herufi kama milioni 10.8, nazo zimegawanyika katika nyuzi tano zinazoitwa kromosomu, kama kitabu chenye sura tano.

Walisoma jenomu ya Candida krusei ile ya mfano, na ya Pichia kudriavzevii ile ya mfano, na nyingine 30, baadhi zilizotolewa katika miili ya wagonjwa, na baadhi zilizookotwa nje, katika vyakula na mahali pengine. Walipolinganisha zile mbili za mfano, waliona sura ni zile zile, kwa mpangilio ule ule, na herufi zinafanana kwa asilimia 99.6. Yaani katika kila herufi elfu, ni nne tu zilizo tofauti.

Lakini jambo lililonifanya niweke kitabu chini ni hili. Walipochora mti wa ukoo, kuona nani ni ndugu wa karibu wa nani, hawakupata tawi la wagonjwa upande mmoja na tawi la chakula upande wa pili. Zilikuwa zimechanganyika. Hamira iliyotoka hospitalini ilikuwa ndugu wa karibu wa hamira iliyotoka nje, kuliko wa mwenzake wa hospitalini. Maana yake ni kwamba hakuna kabila la hamira ovu lililojitenga na kabila la hamira njema. Maana yake tena ni kwamba mgonjwa mara nyingi huipata hamira hii kutoka katika mazingira yake, si lazima kutoka kwa mgonjwa mwenzake.

Tena waliona kwamba si za hospitali tu zinazoshinda dawa. Hata baadhi ya zile za nje zilikuwa na ugumu huo. Hamira hii ina jeni mbili zinazokaa bega kwa bega, kazi yake kutengeneza pampu ndogo za kutoa dawa nje, kama mabaharia wanaochota maji ya ngama na kuyamwaga baharini kabla chombo hakijazama. Zile zilizokuwa na jeni moja tu mahali pa mbili, ndizo zilizoonekana kuwa laini zaidi mbele ya flukonazoli. Zaidi ya hayo, nyingi zina nakala mbili za jenomu, kama sisi tulivyo na ya baba na ya mama, lakini robo yake zina nakala tatu. Kumbe hata ndani ya jina moja kuna aina nyingi. Ndiyo maana wataalamu hao walionya kwamba wenye viwanda wasitumie aina zinazoshinda dawa katika kutengeneza vyakula na bidhaa.

Nao walikumbusha kazi njema ya hamira hii duniani. Huku Afrika imo katika mihogo iliyovundikwa na katika kakao inayochachushwa kabla ya kukaushwa. Imo katika maziwa ya mgando ya Sudan na ya Tibet, na katika vinywaji vya mahindi vya Kolombia. Basi na katika togwa yetu imo, kama watu wa Sokoine walivyoiandika kwa jina la Issatchenkia orientalis.

BASI NANI ALIKUWA NA HAKI?

Hapo nikaona barua yangu imebadilika mkononi. Bibi alikuwa na haki: togwa si uchafu, ni chakula cha heshima kilicholinda watoto. Na muuguzi, ijapokuwa neno lake lilikuwa baya, alikuwa na haki kuizuia chupa. Yawezekanaje?

Tofauti haiko katika hamira. Iko katika mwili unaoipokea. Mtu mzima wa afya ana askari katika damu yake, chembe nyeupe, wanaozunguka usiku na mchana. Hamira ikipita tumboni haipati nafasi. Lakini dawa za saratani ya damu, pamoja na kuua ugonjwa, huwaua na askari hao kwa siku kadhaa. Tena huchubua ngozi laini ya mdomo na ya utumbo, ikawa kama ukuta wenye nyufa. Tena mgonjwa ana mpira uliotiwa katika mshipa mkubwa wa damu. Kiumbe ambaye jana alikuwa mpita njia, leo anakuta lango wazi na hakuna mlinzi.

Wala si hamira hii peke yake. Hata hamira ya mkate, rafiki wa kila jiko, ina ndugu yake anayeuzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kuzuia kuhara. Kwa watu wengi haina neno. Lakini ilionekana kwamba imeingia katika damu ya wagonjwa mahututi, na mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Ulaya wakaagiza isipewe wagonjwa wa namna hiyo wala watu ambao kinga yao imeshuka.

Hata hivyo, msomaji asije akasema kwamba kuvu zote basi ni mamoja. Iko habari nyingine inayokwenda kinyume, nayo yatuhusu sana sisi wala ugali. Wajapani hutengeneza mchuzi wao wa soya na pombe yao ya mchele kwa kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Kuvu hii ni ndugu wa damu wa Aspergillus flavus, ile ya rangi ya kijani kibichi na manjano inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Jenomu ya kuvu ya Wajapani ilitangazwa mwaka 2005, na ndani yake zilikutwa jeni za kutengenezea sumu kama za ndugu yake, lakini zimelala, hazifanyi kazi. Ndugu yake hazijalala. Sumu yake ndiyo tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikatufikia sisi wenyewe katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafa.

Angalieni tofauti. Hamira ni kiumbe hai, na moto huiua. Sumukuvu si kiumbe, ni sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje, na moto wa jikoni hauiondoi. Uji uchemke saa nzima, sumu ingali imo.

TUFANYEJE NYUMBANI

Kwanza, mwenye afya anywe togwa yake bila hofu, na mtoto aliyeanza kula apewe uji uliochachushwa kwa usafi. Vyombo viwe safi, na mikono ioshwe. Nisisikie mtu akisema karani ameandika togwa ni sumu.

Pili, nafaka ya kupikia, na ya kuotesha kimea pia, ichaguliwe. Punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Asipewe kuku, wala zisitiwe katika pombe kwa kuwa "zitachemshwa." Mahindi yakauke vizuri kabla ya kutiwa ghalani, yasianikwe juu ya udongo mtupu, wala magunia yasilale sakafuni.

Tatu, nyumbani kwenye mgonjwa wa saratani anayepata dawa kali, au aliyepandikizwa kiungo, au mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya siku zake, muulizeni daktari kabla ya kumpa kitu chochote kilichochachuka na kisichopikwa tena, iwe togwa, iwe maziwa ya mgando. Mara nyingi atakubali chakula kilichochemka sawasawa kikaliwa kingali cha moto.

Nne, mwenye kumeza dawa za kuvu amalize kama alivyoandikiwa, wala asimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Mmeona jinsi gugu gumu linavyopata nafasi.

BARUA

Jumamosi bibi alifika kama tulivyoagana. Nilimweleza haya yote kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa, na habari ya yule mtu mwenye majina manne ndiyo aliyoishika mara moja. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Nikiichemsha?" Nikamwambia daktari amesema iulizwe huko huko, lakini ikichemka vizuri hamira hufa. "Haitakuwa togwa tena," akasema, "itakuwa uji mkali." Akafikiri tena. "Lakini uji mkali anaupenda."

Barua tuliiandika. Haikuomba mtu afukuzwe. Iliomba mambo mawili: tuambiwe vyakula ambavyo mtoto haruhusiwi na sababu zake, na mzee aliyesafiri tangu alfajiri asiambiwe neno "uchafu" mbele ya watu. Bibi aliisikiliza nikimsomea, akaniamuru niongeze kwamba yeye hana chuki. Akatia dole gumba.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, na pamoja nalo karatasi ya vyakula, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Nimeambiwa karatasi hiyo sasa imebandikwa mlangoni pa wodi ile. Mtoto bado yuko kwenye dawa, na safari yake ni ndefu, nasi hatujui mwisho wake. Lakini kila mwisho wa juma bibi hupanda lile basi la alfajiri na chupa yake, na muuguzi yule yule huipokea, huuliza "Imechemka, bibi?" na bibi hujibu "Imechemka, mwanangu."

Nimejifunza jambo hapo, nami nalisema kwa sisi tulio makarani, walimu na wauguzi, ambao kila siku hukataza watu hiki na kile. Mwenye elimu akikataza bila kueleza, mzee hubaki na aibu, na kesho ataficha chupa ndani ya kanga. Akieleza, mzee huyo huyo atakuwa mlinzi wa mlango.

Tukijaliwa, juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani, maana mavuno yamekaribia.

Wenu,
Karani